Usimfukuze Paka kwa Ajili ya Mti

Masomo: Luka 2:1-7, Yeremia 10:1-5, Mithali 12:10, 2 Samweli 12:1-6



Wapendwa, tumeingia Desemba. Ukipita barabarani hapa Nakuru unaona vijana wameegemeza matawi ya saipresi kando ya lami, wanauza. Madukani nyimbo zimeanza. Watoto wamefunga shule, na kila asubuhi swali lao ni moja: "Mti tutaweka lini?"

Katika wiki mbili hizi nimeulizwa maswali mawili. Dada mmoja aliniuliza, "Mchungaji, mtu aliyeokoka anaruhusiwa kuweka mti wa Krismasi?" Siku tatu baadaye ndugu mmoja akaniuliza, "Mchungaji, niko na paka wawili. Kila nikiweka mapambo wanaangusha. Nimechoka. Niwafukuze?" Swali la kwanza lilikuwa na sura ya kiroho. La pili lilikuwa kama la mchezo. Lakini nilipokwenda nyumbani nikaomba, niliona maswali hayo mawili ni swali moja. Ndiyo maana leo nahubiri juu ya paka. Usicheke. Fungua Biblia yako.

Jambo la kwanza: mti unakuwa sanamu siku unapodai kafara

Twende Yeremia 10. Wengi wetu tunalijua andiko hili kwa sababu kila Desemba linazungushwa kwenye simu zetu. Nabii anaeleza habari ya mtu anayekata mti msituni. Fundi anauchonga, watu wanaupamba kwa fedha na dhahabu, kisha wanaukaza kwa misumari ili usitikisike. Ukisoma hapo ukasimama, utasema, "Si huu hapa mti wa Krismasi?"

Usisimame hapo. Endelea mpaka mstari wa 5. Nabii anasema kitu hicho hakiwezi kusema wala kutembea. Lazima kibebwe. Hakiwezi kukudhuru, na mema pia hakiwezi kukutendea. Anazungumza juu ya mungu wa kuchongwa, ambaye watu walimwogopa na kumtolea sadaka. Sasa lile tawi la saipresi ulilosimamisha kwenye ndoo ya mchanga, ukalipachika pamba na baluni, nani katika kanisa hili amelipigia magoti? Kwa hiyo dada yangu, weka mti wako kwa amani. Na wewe ambaye dhamiri yako haikuruhusu, usiweke, kwa amani hiyo hiyo. Warumi 14 inatutosha kwa hilo. Tusihukumiane kwa ajili ya matawi.

Ila wacha nikupe kipimo. Ukitaka kujua kama kitu kimekuwa sanamu, angalia kile ambacho watu wanakitoa mbele yake. Miungu ya uongo katika Biblia ilikuwa na njaa. Moleki alitaka watoto. Manabii wa Baali walijikatakata pale Karmeli mpaka damu ikawatoka, ndiyo 1 Wafalme 18:28. Basi jiulize: hili pambo langu linakula nini?

Likila shilingi chache na jioni moja ya furaha pamoja na watoto, ni pambo. Lakini ukimpiga mtoto kwa sababu ya mpira wa kioo wa shilingi hamsini, pambo limeanza kula. Ukimkata msaidizi wa nyumbani mshahara wake wa Desemba kwa sababu taa moja imepasuka, linakula. Ukichukua kiumbe kinachopumua ukakitupa nje kwenye baridi ya usiku, ili kitu kisichopumua kibaki kimesimama wima sebuleni, ndugu yangu, hapo umeshatoa kafara. Haijalishi kwamba juu ya mti umeweka nyota ya Bethlehemu.

Mwambie jirani yako: "Chunga pambo lako lisianze kula."

Jambo la pili: hori lilikuwa la wanyama kwanza

Luka 2:7 inatuambia kwamba Mariamu alimzaa mwanawe wa kwanza, akamfunga vitambaa, akamlaza horini, kwa maana walikosa nafasi kwa wageni. Watu wengi wanafikiri Luka ametaja ng'ombe na punda. Soma vizuri, hakuwataja. Ng'ombe na punda wa kwenye kadi zetu wametoka Isaya 1:3, mahali Mungu anasema ng'ombe anamjua mwenye kumfuga, na punda anajua hori la bwana wake, lakini watu wake mwenyewe hawamjui. Luka ametaja hori peke yake. Na hori linatosha, kwa sababu hori ni chombo cha kulishia mifugo. Hakuna mtu anayeweka hori nyumbani kwa urembo.

Tena kuna jambo lingine. Neno ambalo wengi tumezoea kulisikia kama nyumba ya wageni, kwa Kiyunani ni *kataluma*. Luka analitumia tena katika sura ya 22:11, na pale ni chumba cha wageni, mahali Yesu alipokula Pasaka na wanafunzi wake. Alipotaka kutaja nyumba ya kulala kwa kulipia, katika habari ya Msamaria mwema, sura ya 10:34, alitumia neno tofauti kabisa. Kwa hiyo wako wasomi wengi wanaoona kwamba Yusufu na Mariamu walikuwa katika nyumba ya watu. Chumba cha wageni kilikuwa kimejaa, wakapewa sehemu ile ambayo mifugo iliingizwa usiku.

Aliyekulia ushago haoni ugumu wa jambo hili. Mimi nilipokuwa mdogo, mbuzi wa nyanya yangu walilala jikoni. Tulikuwa tukipitiwa na usingizi huku tukiwasikia wanacheua. Hakuna aliyeona aibu. Mnyama alikuwa mali, na alikuwa joto la nyumba.

Sasa sikia. Mwana wa Mungu alipokuja duniani, mahali alipolazwa palikuwa pa wanyama kwanza. Yeye ndiye aliyekuja kama mgeni.

Hapa kanisani tuko na paka wa stoo, mnamjua. Alikuja mwenyewe mwaka ule panya walipokula nyaya za spika, na tangu aje, spika zimepona. Wiki jana watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakifanya mazoezi ya igizo, wakamkuta amelala ndani ya hori, juu ya nyasi kavu, na mwanasesere amesukumwa kando. Mzee mmoja akasema atolewe haraka, anachafua mambo matakatifu. Msichana wa miaka saba akamjibu kwa heshima, "Lakini guka, hiyo ni sahani ya wanyama." Mzee akanyamaza, na paka akamaliza usingizi wake.

Jambo la tatu: mwenye haki anajua hali ya mnyama wake

Mithali 12:10. Sulemani anasema mtu wa haki anajali uhai wa mnyama wake, lakini mwovu, hata pale anapojidai ana huruma, ndani yake mna ukali. Katika Kiebrania neno lililotumika ni la kujua. Mwenye haki anaijua nafsi ya mnyama wake. Anajua ana njaa saa ngapi, anaogopa nini, anapenda nini.

Kwanza tuondoe hofu, kwa sababu huwezi kumjua unayemwogopa. Biblia yetu yenye vitabu 66 haimtaji paka wa nyumbani hata mara moja. Mbwa yumo, punda yumo, hata chungu yumo katika Mithali 6:6. Paka wa nyumbani hayumo. Kwa hiyo hakuna andiko linalosema paka ni mtakatifu, na hakuna linalosema paka ni jini. Nimeombea watu wengi waliodai kwamba paka wa jirani ametumwa. Mwanzo 1:25 inasema Mungu aliwafanya wanyama, akaona kuwa ni vyema. Kolosai 1:16 inasema vitu vyote viliumbwa kwa Kristo na kwa ajili yake. Shetani hajaumba hata kiroboto. Paka mweusi ni paka mwenye manyoya meusi, basi. Macho yake yanawaka usiku kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga ili aone gizani. Ng'ombe wako ana utando huo huo, na mbuzi pia, na sijawahi kusikia mtu akimkemea ng'ombe kwa jina la Yesu kwa sababu ya macho.

Na wewe unayetia sumu ya panya kwenye nyama ukamtupia paka wa jirani, halafu jioni unakwenda kesha: hiyo usiiite vita vya kiroho. Ni ukatili. Hata sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtesa mnyama kuwa kosa. Mkristo asingojee polisi kumfundisha huruma.

Sasa tumjue paka. Paka ni mwindaji. Kitu kidogo kikitikisika, mwili wake unaamka. Anapenda kukaa juu, kwa sababu akiwa juu anaona kila kitu na hakuna anayemvamia. Sasa wewe umeleta msitu ndani ya nyumba, umetundika vitu vidogo vinavyotikisika na kumetameta, halafu unashangaa akipanda. Hana kiburi na hakudharau. Hajui kalenda. Amefanya kile ambacho Muumba alimpa kufanya.

Nyumbani kwetu tuko na paka wawili na kila mwaka tunaweka mti. Mama Mchungaji ameniambia nisiwaache na mahubiri matupu, niwape na utaratibu wetu. Andika.

*Mti wenyewe.* Tawi la saipresi liwe kwenye ndoo nzito yenye mawe na mchanga. Ukilisimamisha, lifunge kwa kamba kwenye chuma cha dirisha. Liweke mbali na kochi na stuli, maana hizo ndizo ngazi zake. Liache siku moja au mbili bila pambo lolote ili paka anuse, azunguke, azoee. Kitu alichokizoea hakimsumbui sana.

*Matawi ya chini.* Kioo kisikae chini. Huko weka vitu vya karatasi, vitambaa, majani ya mgomba yaliyokauka ambayo watoto wamesuka. Vikianguka vinaokotwa na maisha yanaendelea. Vya kuvunjika viende juu kabisa, vifungwe imara.

*Nyuzi za kung'aa na utepe.* Hizi sisi hatuweki kabisa, na nitakwambia sababu. Ulimi wa paka una vimiiba vinavyoelekea nyuma, kooni. Uzi ukishaingia mdomoni ni vigumu kuutema, anaumeza tu. Ukifika tumboni unaweza kukwama upande mmoja huku utumbo ukiendelea kuuvuta, mpaka utumbo unajikunja na hata kukatika. Paka anatapika, anakataa chakula, anakufa polepole, na watu wanasema amerogwa. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, utamkata ndani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka.

*Taa na mishumaa.* Waya za taa zipite nyuma ya kabati au ndani ya mpira wa bomba. Paka akitafuna waya yenye stima anaungua mdomo, au anakufa. Chomoa kwenye soketi kabla ya kulala, na kabla ya kuja kesha. Hiyo itawalinda watoto wako pia, na nyumba yenyewe. Stima ikipotea ukawasha mshumaa, usiuache mahali mkia unapopita.

*Maua ya mezani.* Yale mayungiyungi makubwa yenye harufu kali ni hatari. Hata unga wake ukimwangukia paka akajilamba, figo zinaweza kuharibika akafa. Weka maua mengine.

*Chakula na dawa.* Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka na kuwa na ncha kali. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Na akionekana mgonjwa, usimpe dawa yako ya maumivu. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua.

*Wageni na safari.* Wageni wakija, milango inafunguliwa siku nzima, kelele ni nyingi, na paka wengi hupotea wakati huo. Mpe katoni yenye nguo kuukuu katika chumba chenye utulivu. Na kama mnakwenda ushago mpaka Januari, zungumza na jirani mapema, umwachie chakula na pesa kidogo. Usimfungie paka ndani bila maji ukasema Mungu atamlinda. Mungu amekupa wewe hiyo kazi. Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Wengine wenu mtafukuza paka Desemba, na Januari mtakuja kwangu kuomba maombi dhidi ya panya.

Jambo la nne: Nathani na kiumbe kidogo cha maskini

Sasa nifikie moyo wa ujumbe.

Kuna mama mjane katika ushirika wetu mmoja wa vijijini. Amenipa ruhusa nisimulie habari hii, jina lake nitaliacha. Mwanawe wa kwanza anafanya kazi Nairobi. Krismasi tatu zilipita bila kijana kufika nyumbani. Kazi, nauli, mambo, mnajua. Krismasi ya nne akaja, na akaja na mti wa plastiki mrefu, na taa, na mipira ya kioo iliyofungwa mmoja mmoja kwenye karatasi. Akausimamisha sebuleni kwa mama yake. Mama akafurahi sana, akaita majirani waje waone.

Usiku paka wa mama akaupanda. Mti ukaanguka, vioo vikasambaa sakafuni. Kijana akaamka na hasira. Akamtia paka kwenye gunia, akaliweka ndani ya gari, akaendesha mpaka sokoni, zaidi ya kilomita kumi, akamwachilia huko gizani. Akarudi, akafagia, akausimamisha mti tena.

Mama aliamka saa 11 alfajiri kama kawaida yake, akaita paka. Akaita tena. Akatoka nje na kikombe cha maziwa, akaita. Ndipo mwanawe akamwambia.

Mama hakupiga kelele. Alichinja kuku, akapika chapati, akaandalia watu, akaimba nao. Ila yeye mwenyewe hakula. Kufika jioni watoto wake wote walikuwa wamegundua kwamba mama hajaweka kitu mdomoni, na hakuna aliyejua la kusema.

Januari alikuja kuniona. Aliniambia hivi: "Mchungaji, ule mti ulikuwa mzuri. Lakini mti hauitiki ukiuita."

Wapendwa, hiyo ni Yeremia 10 mstari wa 5, na mama yule hakuwa anataja andiko. Alikuwa anasema shida yake. Akaniambia kwamba jioni, akifunga mlango, alikuwa akiongea na paka. Usiku ule presha ilipopanda, paka alikaa kwenye blanketi mpaka kukapambazuka. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba ile.

Nilimpigia kijana simu. Sikumkemea. Nilimwomba afungue 2 Samweli 12 tusome pamoja.

Mnaijua habari yenyewe. Tajiri ana kondoo na ng'ombe wengi. Maskini ana mwanakondoo mmoja jike, aliyemnunua na kumlea pamoja na watoto wake. Alikuwa akila chakula chake, akinywa kikombeni mwake, akilala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Angalieni jinsi Roho Mtakatifu alivyotumia maneno mengi kwa ajili ya mnyama mmoja mdogo. Nathani angeweza kutoa mfano wa shamba, au wa fedha. Akachagua kiumbe kinacholala kifuani mwa mtu asiye na kingine. Tajiri akapata mgeni, akataka kumfanyia karamu, akawaacha wanyama wake wote akamchukua yule. Kwa ajili ya karamu! Daudi, ambaye alikuwa mchungaji wa kondoo, hasira ilimwaka akasema mtu huyo anastahili kufa. Ndipo Nathani akamgeuzia kidole.

Kijana alinyamaza kwenye simu muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, ule mti niliununua ili mama asiniulize nilikuwa wapi."

Nikamwambia, "Na yule paka alikuwepo miaka yote mitatu."

Alirudi kule sokoni Jumamosi mbili, akiwauliza wachuuzi na wanaouza samaki. Hakumpata. Siwezi kuwaambia muujiza ambao haukutokea. Lakini tangu mwezi ule amekuwa akifika kwa mama yake kila mwisho wa mwezi, na jirani amempa mama paka mdogo wa kijivujivu. Mwaka huu wamesema wataweka tawi la saipresi, lifungwe dirishani, na chini kusiwe na kioo.

Ndugu zangu, wengi wetu tunapamba mahali ambapo tumekosekana. Tunatuma vitu mahali tulipotakiwa kwenda wenyewe. Baba anakuja tarehe 24 na zawadi kubwa kwa sababu tangu Februari hajawahi kukaa na mtoto wake akamsikiliza. Mtoto anatuma pesa kwa mzazi kwa simu kwa sababu pesa hazihitaji kukaa jikoni zikisikiliza habari za goti linalouma. Pambo ni rahisi. Linakubali kuwekwa mahali, halikulaumu, halina njaa, halizeeki. Walio hai wanaangusha vitu. Wanauliza maswali. Wanaamka usiku.

Na Krismasi ndiyo siku Mungu alikataa kutuma pambo. Mathayo 1:23 inamwita Imanueli, Mungu pamoja nasi. Angeweza kutupamba mbingu kwa nyota mpya na kutuacha tukiitazama. Nyota aliiweka, ndiyo, lakini ilikuwa ya kuelekeza watu mahali alipokuwa Yeye mwenyewe, mwenye mwili, mwenye njaa, anayelia, amelazwa kwenye chombo cha kulia wanyama. Alikuja yeye.

Kwa hiyo yule ndugu aliyeniuliza kama awafukuze paka wake wawili, jibu langu ni hapana. Funga mti wako kwa kamba. Ondoa nyuzi. Pandisha vioo juu. Na ukishamaliza kuwafikiria paka, tazama ni nani mwingine ndani ya nyumba yako amekuwa akisukumwa kando ili vitu vikae vizuri. Huenda ni mtoto anayeambiwa kila saa "usiguse." Huenda ni yule binti anayekusaidia kazi, ambaye amepamba nyumba yako yote na hajui kama utampa ruhusa aende kwao. Huenda ni nyanya aliyehamishiwa chumba cha nyuma kwa sababu wageni wanakuja. Luka 16:10 inatufundisha kwamba aliye mwaminifu katika dogo ni mwaminifu katika kubwa pia. Paka ni dogo. Anzia hapo.

Yona 4:11 inamalizia kitabu kizima kwa swali la Mungu. Anamwuliza nabii kama asiuhurumie Ninawi, mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kutofautisha kulia na kushoto, na wanyama wengi. Mungu alikuwa amewahesabu watu, na hata wakati huo hakusahau kutaja wanyama. Huyo ndiye Mungu ambaye tunasherehekea kuja kwake.

Tuombe

Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa Desemba nyingine. Tunaleta mbele zako nyumba zetu, mapambo yetu na hasira zetu. Pale tulipoweka vitu mbele ya walio hai, tusamehe. Tupe macho ya kumwona aliye mpweke ndani ya nyumba yetu. Rudisha watoto kwa wazazi wao na wazazi kwa watoto wao, wafike wenyewe. Linda kila kiumbe ulichotukabidhi, kikubwa na kidogo. Njoo ukae nasi, Imanueli. Amina.

Maswali ya kikundi cha nyumbani wiki hii

1. Soma Yeremia 10:1-5. Ni kitu gani katika maandalizi yako ya Krismasi kimeanza "kula" amani ya nyumba?
2. Soma Mithali 12:10. Kama unafuga mnyama, taja mambo matatu unayoyajua juu ya hali yake. Kama huna, nani katika jirani yako anafuga na anasafiri? Utamsaidiaje?
3. Soma 2 Samweli 12:1-6. Kwa nini unafikiri mfano wa mwanakondoo ulimgusa Daudi kuliko mfano mwingine?
4. Je, kuna mtu ambaye mwaka huu umemtumia vitu, naye anakungoja wewe? Panga tarehe ya kwenda, uitaje mbele ya kikundi, mkaiombee.